Pua ya Kompresa

Sehemu ya Saba

Mlionitumia meseji baada ya sehemu ya sita mkisema mimi Okumu ni mwanaume mpole niliyeonewa, someni ya leo kwanza. Halafu mnitumie tena, kama vidole vitakubali.

Kwa aliyeliokota gazeti hili leo kwa kinyozi: mimi ni mzamiaji, nakaa Tarime. Pampu ikitumbukia kwenye shimo la zamani la wachimbaji, bomba la lambo likiziba, mtu akizama, napigiwa simu. Kazi nilifundishwa na kaka yangu Ochieng.

Ochieng alifia kwenye lambo karibu na Robanda miaka miwili iliyopita. Mgongoni alikuwa na mtungi uliojazwa na Machage, mtu pekee Tarime na Serengeti nzima aliyekuwa na kompresa ya kujazia mitungi ya kuzamia. Wakasema presha. Tukazika.

Wiki iliyopita niliishia pale binamu yangu Owuor aliponipigia simu kutoka ng'ambo ya Sirari. Amepata kompresa inauzwa, ndogo, ya kuweka nyumbani, na mwenye nayo hana muda wa maneno mengi.

Nikauza ng'ombe wawili alioniachia Ochieng, nikavuka mpaka.

Mwenye kompresa alikuwa mama mmoja fundi, anaitwa Adero. Umri umekwenda, lakini mikono ilikuwa na grisi mpaka viwikoni. Miaka mingi alitengeneza mashine za wazamiaji kule ziwani Kisumu, sasa amerudi kwao na anauza vyombo vyake kimoja kimoja.

"Shikamoo mama."

"Karibu, nyathina, mwanangu. Owuor aliniambia utakuja. Sasa, unataka ya upepo ama ya pumzi?"

"Kwani kuna tofauti?"

Aliweka spana chini. Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyerudia darasa.

"Upepo ni wa gurudumu. Gurudumu halina mapafu, utalijazia chochote. Pumzi ni ya mtu. Ukichanganya hizo mbili utazika watu, unaskia?"

Akanionyesha mashine yenyewe. Ya petroli, ndogo, inabebeka na watu wawili. Ubavuni ilitoka hosi ndefu yenye chujio mwishoni.

"Hii ndiyo pua. Mashine inavuta hewa kwa hii. Chenye pua imenusa ndicho kinaingia kwa mtungi. Toa pua nje, juu, mbali na ekzosi. Ukiiacha ndani na mashine inanguruma, unamjazia mtu moshi."

"Si ataonja moshi mdomoni akatema?"

"Hiyo ndiyo shida sasa. Ule ubaya wenyewe hauna ladha wala harufu. Mtu anashuka akiwa mzima. Kichwa kinamgonga kidogo, anafikiri ni jua. Halafu anaskia usingizi. Ukimtoa hana kidonda. Ni midomo tu, inakuwa myekundu, kama amejipaka lipstiki."

Nilishika ukuta.

Ochieng nilimwosha mimi. Shangazi yetu Akinyi ndiye aliyekuwa ameshika beseni, na alipomwangalia usoni alisema, "Yawa, mbona kama amejipaka lipstiki?" Tulimfokea anyamaze. Tuliona anamdhihaki maiti.

"Mama," nikamwambia Adero, "kuna mtu mwingine wa Tarime aliwahi kuja hapa na mashine kama hii?"

"Mmoja. Mzee wa tumbo, anacheka kabla hajasema. Machage. Kompresa yake nilimfungulia hapa hapa unaposimama. Nikamuuliza pua unaweka wapi? Akasema ndani ya stoo. Nikamwambia utaua mtu."

"Akasemaje?"

"Akacheka. 'Mama, hewa ni hewa tu. Nikitoa pua nje vumbi itaniharibia mashine.' Nikamwandikia kwa karatasi, aende nayo, asije akasema hakuambiwa."

"Ilikuwa lini?"

"Mwezi wa tatu. Mwaka juzi."

Ochieng alikufa mwezi wa tano.

Sasa mnajua kilichoniingia. Tangu msiba nilikuwa namchukia Machage kwa hisia tu, kwa sababu alikula ubwabwa msibani kwetu akaongeza. Pale kwa Adero chuki ilipata jina na tarehe. Alijua. Aliandikiwa. Akaona bora vumbi lisiingie kwenye mashine yake, na kaka yangu aingie kaburini.

Nilimuuliza Adero maswali mengine mawili ambayo mnunuzi hana sababu ya kuuliza. Akaacha kufuta mikono.

"Mbona unauliza hiyo?"

"Ili nijihadhari, mama."

Akanijibu. Nadhani mpaka leo anajuta.

Kompresa nilivuka nayo mchana kweupe, ushuru nikalipia, risiti ninayo. Msiniongezee makosa, niliyonayo yanatosha.

Nyumbani mke wangu Nyangi aliipokea kama mtoto. Nyangi ni Mkurya wa Kemambo, mwanamke wa kazi. Yeye ndiye aliyechagua stoo ya nyuma, yeye ndiye aliyenishikia ngazi nikipitisha pua dirishani na kuifunga juu ya mti, upande wa bustani ya sukuma wiki, ambako hakuna gari wala jiko. Nilimweleza alivyosema Adero kuhusu upepo na pumzi. Akaelewa mara moja.

Kuhusu Machage sikumweleza kitu.

Namjua mke wangu. Angekwenda kwa wazee wa ukoo. Wazee wangekaa, Machage angeitwa, angetozwa faini ya ng'ombe, tungepeana mikono na mambo yangeisha. Mimi sikutaka ng'ombe wa Machage. Nilitaka ashuke majini na mtungi mgongoni, kichwa kimgonge, asikie usingizi. Nilitaka hivyo asubuhi nikipiga mswaki, nilitaka hivyo kanisani wakati wengine wanaimba.

Nikasubiri. Kazi ikaja yenyewe. Wenye malambo ya Mugumu wakanipigia, kambi moja ya wageni karibu na Robanda ikanipigia. Kaka yake Nyangi, Simioni, niliyemfundisha kuzamia kama Ochieng alivyonifundisha, akawa anajazia kwangu. Nilimjazia pumzi safi, kila mara nikipanda kwanza kuangalia pua imekaa vizuri. Simioni ana watoto watatu na kicheko cha kuudhi. Nampenda.

Basi, Alhamisi moja mchana nikasikia sauti mlangoni.

"Hodi hapa!"

Alikuwa Machage, mtungi wake wa kijivu begani, jasho linamtiririka.

Miaka miwili nilikuwa nimemnyima shikamoo. Mtu wa huku anajua uzito wake, kumpita mzee njiani huku unajifanya unasoma simu. Siku hiyo nikaitoa, tena kwa kuinama.

"Shikamoo mzee Machage."

Uso ukamchanua. "Marahaba, mura, kijana wangu! Marahaba sana! Kumbe adabu ipo, ilikuwa imelala tu."

"Karibu ndani."

"Sikai. Kompresa yangu imenoki. Fundi amefungua, anasema pistoni hazifai tena. Na Jumamosi Boke ameita risaga kule Kemambo. Pampu ya kikundi chao imetumbukia kwenye lile shimo la zamani, nyanya zinakauka. Wananitaka mimi na shemeji yako Simioni."

Risaga, kwa msomaji wa mbali, ni kazi ya pamoja ya Wakurya. Mwenye shida anaita, watu wanakuja na vyombo vyao, wanaifanya kazi, wanakula, wanakunywa, wanarudi kwao. Boke ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaolima nyanya pale. Ukiitwa na Boke husemi una udhuru.

"Nijazie huu," Machage akasema. "Au bado una kinyongo?"

"Kinyongo cha nini, mzee?"

"Cha Ochieng. Kijana alikuwa mzuri yule. Presha ndiyo ilimmaliza, na haraka. Watu walisema sana kuhusu mtungi wangu, lakini wewe ni mzamiaji, unajua. Hewa ni hewa tu."

Alitumia maneno yale yale. Alisimama kwenye kizingiti changu akayatamka, na kicheko juu.

"Mzee," nikamwambia, "naapa kwa kaburi la Ochieng, huu nakujazia kwa mkono wangu mwenyewe."

Akanipiga begani, akaenda kukaa kibarazani. Nyangi akampelekea uji.

Nikapanda ngazi nyuma ya stoo. Nikafungua fundo la pua mtini, nikaingia stoo, nikaivuta kutoka nje mpaka ndani. Nikailaza sakafuni nyuma ya mashine, pale ekzosi inapotolea. Nikafunga dirisha, nikawasha, nikatoka nikasimama mlangoni.

Kuna watu watapenda niandike kwamba mkono ulitetemeka. Haukutetemeka. Nilisikia raha. Mashine ilikuwa inanguruma, mzee alikuwa anakunywa uji wangu, na mimi nilikuwa nahesabu siku mbili zilizobaki.

Ghafla Nyangi huyu hapa, ananisukuma, amesukuma mlango, anakohoa.

"Baba Adoyo! Moshi wote huu? Na pua mbona iko chini?"

"Dirishani kuna nyuki."

"Nyuki gani? Nimetoka bustanini sasa hivi."

"Nyangi, mzee anasubiri."

"Yule mama wa Kenya si alisema pua isikae ndani? Si wewe uliniambia?"

Nikaona nisipomjibu atatoka na swali hilo kibarazani.

"Huu ni mtungi wa upepo," nikasema. "Anataka kujazia matairi ya trekta la mjomba wake."

Akautazama mtungi wa kijivu.

"Haya. Lakini uuandike basi, mtu asije akauvaa."

"Nitauandika."

Akaniletea chaki yeye mwenyewe, ya mtoto wetu Adoyo ya shuleni. Nikaitia mfukoni.

Machage alibeba mtungi wake akaondoka ananisifu. Mimi nikapandisha pua, nikaifunga vizuri juu ya mti, nikaacha stoo wazi mpaka jioni. Halafu nikajaza mtungi wangu, huu wa pumzi safi kabisa, na Ijumaa asubuhi Simioni akaja na pikipiki kuuchukua. Wake ulikuwa na kutu kwenye koki, hautumiki.

"Shemeji, wewe huji kuzama?" akaniuliza.

"Sikio linauma. Nitakuja kutazama tu. Sikiliza, Simioni. Wewe vaa huu. Huu huu. Usishike mwingine."

"Mwingine upi, na wangu mbovu?" Akacheka kile kicheko chake, akafunga mtungi kwenye kiti kwa mpira. "Mbona leo unaongea kama bibi harusi?"

Nyangi alipanda naye, anakwenda kusaidia kupika. Nilimwambia nitafuata Jumamosi.

Nilipanga kuchelewa. Nilitaka nifike kila kitu kimeshaisha, watu wanalia, nishike kichwa niulize jamani kimetokea nini. Hilo swali nililifanyia mazoezi kwenye kioo cha pikipiki. Mnaweza kucheka.

Jumamosi saa nne asubuhi niliingia Kemambo. Kwenye shimo watu walikuwa wengi, wanaume wamekaa kando ya kamba, akina mama kwenye masufuria. Hakuna aliyekuwa analia.

Na juu ya jiwe, amekaa na hindi la kuchoma mkononi, alikuwa Machage. Mkavu, mzima, meno nje.

Mgongoni kwake kulikuwa na mtungi wangu.

"Karibu, mura! Umechelewa. Shemeji yako ameshashuka, mimi ni zamu ya pili."

Masikio yote mawili yakaanza kuuma kweli.

"Ameshuka na nini?"

"Na mtungi wangu. Mimi nina wako. Si unaona?"

"Kwa nini? Nilimwambia avae huu!"

Boke akageuka kutoka kwenye jiko, mwiko mkononi. "Hata yeye alisema hivyo, shemeji. Nikamkatalia. Risaga ya hapa ina utaratibu wake. Ukileta chombo, unakiweka chini na vingine, unaanza kazi na cha mwenzako. Zamani kulikuwa na watu wanaleta majembe butu ili wachoke mapema, ndipo wazee wakaamua hivyo. Ukijua chombo chako kitashikwa na mwenzako, utakinoa. Simioni ameleta wako, basi ameokota wa mzee Machage."

Miaka kumi nimeoa Kemambo. Risaga zao nimelima sijui ngapi, na kila mara nilipewa jembe la mtu mwingine. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Nilidhani ni ukarimu kwa Mjaluo.

"Ameshuka lini?"

"Tulipomaliza chai."

"Mvuteni!"

Aliyeshika kamba alikuwa Zablon, jirani yao, mtu wa taratibu. "Kamba bado haijatikiswa. Akitikisa mara mbili ndiyo tunavuta."

"Zablon, nimesema vuta!"

"Kwa nini?" Machage akauliza, bado anatafuna. "Mtungi umejaa. Umejaza mwenyewe."

Hapa naomba yeyote asinionee huruma, kwa sababu hapa nilisita. Shemeji yangu alikuwa chini anavuta moshi, na mimi nilikuwa napiga hesabu ya gereza. Nikatafuta uongo.

"Maji... maji ya leo yana mkondo mbaya."

Watu wakacheka. Maji ya shimo hayaendi popote, yamekaa pale pale tangu wachimbaji waondoke.

Nyangi akaja na sufuria la uji, anatabasamu kwa kuniona. Akaangalia rundo la majembe na kamba. Akaangalia mgongo wa Machage. Tabasamu likaondoka polepole.

"Ule mtungi wa kijivu uko wapi?"

"Kaka yako ameuvaa," Boke akamjibu.

"Ule wa upepo?"

"Upepo gani?" akauliza Machage.

"Wa matairi. Wa trekta la mjomba wako. Si Baba Adoyo alisema..." Akanigeukia. "Si ulisema utauandika?"

Chaki ilikuwa bado mfukoni mwangu.

"Mimi sina mjomba mwenye trekta," Machage akasema.

Kabla hajamaliza, kamba ikatikisika. Mara moja. Mara mbili.

"Anapanda!" Zablon akapiga kelele. Wanaume kumi wakaruka kwenye kamba, mimi wa kwanza. Tulivuta kama watu wanaokokota fahali matopeni. Uzito ulikuwa mkubwa na mimi nilishukuru kwa uzito ule, nikasema ni yeye, ni yeye, anakuja, nitamwomba msamaha au sitamwomba, lakini anakuja.

Maji yakafunguka. Ikatoka pampu.

Akina mama wakapiga vigelegele. Pampu nzima, hosi yake inaning'inia, kamba imefungwa kwa fundo nililomfundisha mimi. Ndivyo tunavyofanya kazi: kamba ni moja, mzamiaji anajifungua, anafunga chombo, chombo kinatangulia na yeye anafuata mwenyewe.

Tukangoja afuate.

Vigelegele vikapungua, vikaisha. Katikati ya shimo mapovu yalikuwa yanatoka mahali pamoja. Hayakuwa yanasogea.

"Kaka!" Nyangi akaita, kana kwamba mtu husikia kule chini. Uji ulikuwa umemwagika miguuni kwake na hakuwa na habari.

Machage alisimama. Hindi likaanguka. Nilimwona anafikiri, na uso ukimbadilika.

"Kumbe ulikuwa wangu," akasema. "Ulitaka nife mimi."

"Kama ulivyomuua Ochieng!" Nilipasuka mbele ya kijiji kizima. "Adero alikwambia utoe pua nje! Alikuandikia karatasi! Ulijua, mzee, ulijua miezi miwili kabla, ukamjazia kaka yangu moshi kwa sababu ya vumbi! Na mimi nimekujazia moshi ule ule!"

Nilingoja akatae. Nilitaka akatae ili nimrukie.

Hakukataa. Aliangalia chini. Kila mtu pale alimwona anavyoangalia chini, na hiyo ndiyo siku niliyokuwa nimeisubiri miaka miwili, Machage amevuliwa nguo mbele ya watu wa kwao. Sikusikia raha hata kidogo.

"Nipe huo mtungi," nikamwambia. "Haraka. Nishuke."

"Huu nao umejazwa na nani?"

"Na mimi. Ni salama. Ni pumzi safi, mzee, naapa..."

"Alhamisi uliapa kwa kaburi."

Akauvua mtungi, akaulaza kwenye majani, na kabla sijamfikia akafungua koki yote. Hewa ikatoka kwa kishindo, majani yakalala, kuku wakatawanyika.

"Hakuna mtu mwingine atakufa na mtungi wako leo," akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka. Alikuwa anafikiri anatenda wema. Mtungi mmoja mzuri uliokuwepo kuanzia pale mpaka Tarime mjini, na ulikuwa unamwagikia nyasi.

Nilimpiga. Nilimpiga mzee wa watu kwa ngumi mbele ya watu wa kwao, akaanguka, nikaikumbatia koki nikaifunga. Nikaangalia geji. Mshale ulikuwa umelala pembeni ya alama nyekundu. Dakika chache. Za kushuka zipo. Za kushuka, kumtafuta kwenye tope, kumbeba na kupanda naye, sikujua.

Hakuna aliyekuja kunisaidia kuuvaa. Wanaume niliolima nao walikuwa wamerudi nyuma, wengine wameshashika majembe, na si kwa ajili ya kulima.

Nyangi ndiye aliyekuja. Alinifunga mikanda ya mtungi bila kunitazama usoni. Akachukua kamba, akaifungua kwenye pampu, akanizungushia kiunoni akakaza mpaka nikaguna. Halafu akamnyang'anya Zablon ule upande mwingine, akaushika yeye kwa mikono yake miwili.

"Baba Adoyo."

"Mke wangu."

"Ukitikisa kamba, nitavuta. Kichwa cha kwanza kutokeza kiwe cha kaka yangu. Kikiwa chako, naachia."

Kwenye maji mapovu yalikuwa yamebaki machache, na yalikuja kwa kupishana sana. Niliuma kipumulio, nikajitosa.